Mbiu ya Mgambo Mwilini: Neopterini na Homa za Mtwara

Wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hawakusema kuwa mbiu yenyewe hulitaja jambo hilo. Mwenye kuisikia hujua tu kwamba anaitwa, na kwamba yampasa kuacha jembe au wavu wake aende kuuliza kulikoni. Pengine moto umezuka, pengine mtoto amepotea, pengine ndovu wameingia mashambani. Sauti ni ile ile moja.

Mwili wa binadamu nao una mbiu zake. Mojawapo ni kemikali ndogo iitwayo neopterini, ambayo huongezeka katika damu na mkojo kila mara kinga ya mwili inapoamshwa kwa vita. Wataalamu wa tiba wameifahamu kwa zaidi ya miaka arobaini, na kuna maabara nyingi duniani ziwezazo kuipima. Swali linalostahili kuulizwa na walimu na wanafunzi wa sayansi nchini ni hili: je, kipimo cha namna hii kina faida gani katika mkoa kama Mtwara, ambako homa ni nyingi na sababu zake ni nyingi zaidi? Jibu lenye kufaa ni kwamba kina faida, lakini kwa masharti mawili: kwanza, kikomo cha hali ya kawaida kipatikane kwa kuwapima wenyeji wenyewe badala ya kuazimwa ugenini, na pili, alama ya ugonjwa isichukuliwe kuwa ndiyo sababu ya ugonjwa. Pasipo masharti hayo, mashine ya thamani kubwa yaweza kuleta madhara.

HOMA MOJA, SABABU NYINGI

Mkoa wa Mtwara huanzia pwani, kwenye mikoko ya mlango wa mto Ruvuma na vijiji vya wavuvi kama Msimbati, ukapanda hadi uwanda wa juu wa Makonde, kwenye mikorosho ya Newala na Tandahimba. Ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania bara yenye malaria nyingi. Kwa hiyo mama wa Mtawanya au Mahurunga ampelekapo mtoto mwenye homa kwenye zahanati, jambo la kwanza afanyalo mganga ni kutoboa kidole na kutumia kipimo cha haraka cha malaria. Kipimo kikionyesha vimelea, dawa mseto hutolewa. Taabu huanza pale kipimo kinaposema hapana, huku mtoto akiendelea kuwaka moto.

Ukubwa wa taabu hiyo umedhihirishwa na utafiti uliofanywa nchini. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa katika vituo vya Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yao yakatangazwa mwaka 2014. Malaria ilionekana kwa asilimia 10.5 tu ya watoto hao. Asilimia 70.5 walikuwa na maradhi yaletwayo na virusi, na asilimia 22.0 walikuwa na maradhi ya bakteria. Baadhi yao walikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja. Maana yake ni kwamba walio wengi hawakuhitaji dawa ya malaria wala antibiotiki.

Huko Moshi nako, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika miaka ya 2007 na 2008 walichunguzwa kwa makini. Kwa 528 kati yao, sawa na asilimia 60.7, madaktari walikuwa wameandika kwamba ugonjwa ni malaria. Uchunguzi wa maabara ulithibitisha malaria kwa watu 14 tu, yaani asilimia 1.6. Kati ya wagonjwa 700 waliopimwa virusi vinavyoenezwa na mbu, 55 walikuwa na chikungunya. Wala hapakuwa na mgonjwa hata mmoja ambaye ugonjwa huo ulitajwa katika orodha ya dhana za daktari siku alipolazwa.

Habari hii yapasa kuwagusa watu wa Mtwara kuliko wengine, kwani chikungunya ilijulikana kwa mara ya kwanza katika elimu ya tiba kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde. Jina lenyewe ni la Kimakonde, na latokana na kujikunja au kupinda, kwa kuwa maumivu ya viungo humfanya mgonjwa ashindwe kusimama wima. Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, W. H. R. Lumsden akaeleza jinsi ugonjwa ulivyoenea, na R. W. Ross akavitenga virusi vyenyewe mwaka 1953. Uwanda huo una shida ya maji, na maji yaliyohifadhiwa majumbani yalikuwa mazalio ya mbu aina ya Aedes aegypti. Wamakonde waliupa ugonjwa jina kwa kutazama umbo la mgonjwa. Baada ya zaidi ya miaka hamsini, katika hospitali zenye vifaa vingi kuliko zahanati za wakati ule, homa hiyo hiyo ilipita bila kushukiwa.

Hapa ndipo ilipo haja ya kipimo kitakachomwambia mganga walau jambo moja: kwamba ndani ya mwili huu kuna vita, na ni vita vya namna fulani.

NEOPTERINI NI NINI?

Neopterini ni moja ya kemikali za jamii ya pterini. Jina hilo limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya bawa, kwa sababu pterini za kwanza zilijulikana kutokana na rangi za mbawa za vipepeo, ambazo Mwingereza Frederick Gowland Hopkins alianza kuzichunguza mwaka 1889. Neopterini yenyewe ilipatikana mwaka 1963 katika mabuu ya nyuki, kwa kazi ya Heinrich Rembold na mwenzake huko Ujerumani. Mwaka 1967 ilitambuliwa katika mkojo wa binadamu. Kwa muda haikuonekana kuwa na maana kubwa. Mwaka 1979 Helmut Wachter na wenzake wa Innsbruck, Austria, waligundua kuwa mkojo wa watu wenye saratani na wa wenye maradhi ya virusi ulikuwa na neopterini nyingi kupita kiasi cha kawaida.

Ilichukua miaka michache kujua chanzo chake. Virusi, au vimelea vinavyojificha ndani ya seli, vikiingia mwilini, chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti T huvitambua na kutoa ujumbe wa kikemikali uitwao intaferoni gama. Ujumbe huo huziamsha seli nyingine, makrofaji, yaani walaji wakubwa, ambazo kazi yao ni kumeza na kuangamiza wavamizi. Makrofaji ikiisha kuamshwa, huongeza nguvu za kimeng'enya kimoja kinachoigeuza guanosini trifosfati, kemikali iliyomo katika kila seli. Katika seli nyingi mgeuko huo huendelea hatua kwa hatua hadi kupatikana tetrahidrobiopterini. Lakini katika makrofaji ya binadamu hatua ya pili ni dhaifu. Kazi hukwama njiani, na kile kilichokwama hugeuka neopterini na kutoka nje ya seli. Kadiri makrofaji nyingi zinavyoamshwa, ndivyo neopterini inavyozidi katika damu. Kisha figo huichuja na kuitoa kwa njia ya mkojo.

Tabia mbili za neopterini zinawasaidia wapimaji. Kwanza, haibadiliki upesi mwilini, kwa hiyo kiasi kipimwacho kinalingana vizuri na ukubwa wa mwamko wa kinga. Pili, inapopigwa na mionzi ya urujuanimno hung'aa kwa rangi ya buluu, na mng'ao huo waweza kupimwa. Siku hizi hupimwa pia kwa kutumia kingamwili zilizotengenezwa maabara. Kwa upande mwingine, mwanga huiharibu, na hivyo sampuli hukingwa na mwanga tangu ichukuliwapo. Aidha, mtu ambaye figo zake ni mbovu aweza kuonyesha neopterini nyingi katika damu ijapokuwa kinga yake imetulia. Ndiyo sababu, ikipimwa katika mkojo, kiasi chake hulinganishwa na kreatinini, ili mkojo mzito na mkojo mwepesi vipimwe kwa mizani moja.

YANAYOFAHAMIKA HADI SASA

Katika watu wazima wenye afya huko Ulaya, damu huwa na neopterini ipatayo nanomoli 5 au 6 kwa lita, na nanomoli 10 hutumiwa kama kikomo. Kiasi hupanda katika maradhi ya virusi, kifua kikuu, malaria, baadhi ya saratani, maradhi ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, na pale mwili unapokikataa kiungo kilichopandikizwa. Katika maradhi mengi yaletwayo na bakteria wa kawaida wasiojificha ndani ya seli, hupanda kidogo zaidi. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa kuna kipimo kingine mashuhuri, protini C-riaktivu, ambacho hupanda sana katika maradhi ya bakteria. Vipimo viwili vikisomwa pamoja vyaweza kumwelekeza mganga upande mmoja au mwingine.

Faida nyingine ni kufuatilia tiba. Mgonjwa wa kifua kikuu anayepona, neopterini yake hushuka. Isiposhuka, yafaa kuuliza kama dawa zinamezwa au kama vijidudu vimekuwa sugu. Katika miaka ya 1980, kabla ya kupatikana mashine za kuhesabu virusi vya UKIMWI katika damu, neopterini ilisaidia kubashiri ni wagonjwa gani ambao hali zao zingeharibika upesi. Kazi hiyo sasa hufanywa vizuri zaidi na kipimo cha wingi wa virusi. Tena, kwa sababu neopterini hupanda kabla kingamwili hazijaonekana, Austria iliingiza kipimo hicho katika uchunguzi wa damu inayotolewa na wachangiaji, ili kuitenga damu ya mtu aliye katika siku za mwanzo za maambukizo yasiyojulikana bado.

Ndugu wa neopterini, yaani ile tetrahidrobiopterini iliyotajwa, imechunguzwa kwa watoto wa Tanzania. Mwili huihitaji ili kutengeneza nitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa ya damu ili damu ipite. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa watoto 45 wenye malaria ya ubongo walikuwa na kiasi kidogo cha kemikali hiyo katika mkojo kuliko watoto 111 wenye afya, na pia kuliko watoto 55 wenye malaria isiyo kali. Kwa hiyo njia hii ya kikemikali, iliyoanza kujulikana kwa vipepeo na nyuki, yagusa moja kwa moja uhai wa mtoto wa Afrika Mashariki.

SHARTI LA KWANZA: KIKOMO KISIAZIMWE

Msomaji ajiulize sasa: nanomoli 10 kwa lita ni kikomo cha nani? Ni kikomo cha watu wa Ulaya, wasioumwa na mbu wa malaria na walio na minyoo michache. Katika sehemu zenye malaria nyingi, watu wengi hutembea, hulima na kuvua samaki wakiwa na vimelea katika damu bila homa. Kinga zao haziko katika usingizi mzito kama za watu wa Innsbruck. Ziko macho kidogo wakati wote, mithili ya askari wa mpakani.

Madhara ya kuazima kikomo yaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya darasani, yenye tarakimu za kubuni. Tuseme watu 1,000 wamejitokeza kuchangia damu, na 50 kati yao wana maambukizo yaliyojificha. Kipimo cha neopterini kinawanasa 45 kati ya hao 50. Wabakio 950 hawana maambukizo hayo. Katika nchi isiyo na malaria, tuseme watu 2 katika kila 100 wenye afya wanapita kikomo. Hao ni 19. Jumla ya waliopigiwa mbiu ni 64, na 45 kati yao, karibu asilimia 70, kweli wana maambukizo. Sasa hesabu hiyo hiyo ihamishiwe mahali ambapo watu 20 katika kila 100 wanapita kikomo kwa sababu ya vimelea vilivyotulia. Wasio na maambukizo yanayotafutwa lakini wakapigiwa mbiu ni 190. Jumla inakuwa 235, na 45 wale wale sasa ni asilimia 19 tu. Kipimo hakikubadilika, mashine haikuharibika, na msomaji wa mashine hakukosea. Kilichobadilika ni watu waliopimwa.

Hesabu hiyo ina uzito wake katika maisha. Benki ya damu ingemwaga chupa 235 katika kila 1,000, na 190 kati ya hizo zingemwagwa bure. Malaria kali huwamalizia watoto damu, na mtoto aliyepauka viganja aletwapo hospitali ya mkoa ya Ligula usiku, huokolewa na chupa ya damu iliyopo kwenye jokofu usiku ule ule. Kituo cha damu salama cha kanda ya kusini kiko Mtwara kwa ajili ya mahitaji ya namna hiyo. Kuiga utaratibu wa Austria bila kwanza kuwapima wenyeji kungekuwa kumwaga damu iliyo njema kwa amri ya tarakimu ya kigeni.

SHARTI LA PILI: ALAMA SI SABABU

Kosa la pili ni la fikira. Ni rahisi kuona kemikali imepanda, kisha kudhani kuwa kuishusha ndiyo tiba. Fundisho juu ya jambo hili limepatikana Haydom, mkoani Manyara, ambako hospitali ya Walutheri ilikuwa moja ya vituo vinane, katika nchi nane, vya uchunguzi mkubwa wa ukuaji wa watoto. Vituo vingine vilikuwa Bangladesh, Brazili, India, Nepali, Pakistani, Peru na Afrika Kusini.

Watafiti hao walipima neopterini pamoja na protini mbili katika kinyesi cha watoto wasio na ugonjwa wa kuhara. Wengi walikuwa na viwango vilivyopita kikomo kinachotumiwa katika nchi tajiri, ishara kwamba utumbo wao ulikuwa katika vita vya kimya kimya. Katika matokeo ya watoto 537 yaliyotangazwa mwaka 2013, vipimo hivyo vitatu viliunganishwa kuwa alama moja. Watoto wenye alama ya juu kabisa walikua kwa sentimita 1.08 pungufu ya wenye alama ya chini kabisa katika miezi sita iliyofuata, hata baada ya kuzingatia tofauti za kuhara. Kwa mtoto mchanga hiyo si tofauti ndogo. Yakumbukwe pia kuwa, kwa takwimu za taifa za mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa wamedumaa.

Mbiu ililia, tena kwa nguvu. Je, ilitosha kuleta tiba? Haydom hiyo hiyo ilifanya jaribio jingine la watoto 1,188. Baadhi walipewa dawa za kuua vijidudu na vimelea vya tumbo kwa ratiba maalumu, baadhi vitamini iitwayo nikotinamaidi, na baadhi vidonge visivyo na dawa, ili kulinganisha. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: walipofikia umri wa miezi 18, waliopewa dawa hawakuwa warefu kuliko wenzao. Utumbo wenye vita ulikuwa umetambuliwa kwa usahihi. Kilichokuwa hakijajulikana vya kutosha ni nini hasa kinachoanzisha vita hivyo na jinsi ya kuvikomesha. Jaribio lile halikuwa hasara. Liliwaepusha watoto wengine maelfu kupewa dawa zisizowafaa. Lakini linawaonya wote wanaodhani kwamba kujua kuwa kuna jambo ni sawa na kulijua jambo lenyewe.

HOJA YA WAPINZANI

Wapo watakaosema kwamba basi vipimo vya namna hii ni anasa, na kwamba mkoa wenye zahanati zisizo na maji ya bomba usijishughulishe navyo. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini imepita kiasi. Jibu lake limeshatolewa Dar es Salaam. Katika jaribio la watoto 3,192 katika vituo tisa vya wagonjwa wa nje, lililotangazwa mwaka 2017, waganga wa kundi moja waliongozwa na utaratibu uliounganisha dalili na vipimo vichache vya kando ya kitanda, ikiwamo protini C-riaktivu. Wa kundi jingine walifuata utaratibu wa dalili na kipimo cha malaria. Katika kundi la kwanza watoto waliopewa antibiotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5, na katika la pili asilimia 29.7. Walioshindwa kupona ifaavyo walikuwa asilimia 2.3 katika kundi la kwanza na 4.1 katika la pili. Dawa zilipungua, na watoto walipona vizuri zaidi.

Tofauti kati ya Haydom na Dar es Salaam ni ya kutafakari. Dar es Salaam kipimo hakikuachwa kutoa hukumu peke yake. Kiliwekwa mahali pake katika mlolongo wa maswali, vikomo vyake vilichaguliwa mapema, na mafanikio yake yakapimwa kwa watoto waliopona, si kwa tarakimu zilizoshuka. Kipimo kilijaribiwa hapa hapa nchini, kwa watoto wa hapa hapa.

YAFAAYO KUTENDWA

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza shehena za vipimo vya neopterini, Mtwara inahitaji kazi ya msingi isiyo na fahari lakini yenye thamani ya kudumu: kujua kiwango cha kawaida cha watu wake. Wapimwe watu wenye afya wa pwani na wa uwanda wa juu, watoto na wazee, wanawake na wanaume, wakati wa mvua ambapo mbu ni wengi na wakati wa kiangazi. Pamoja na neopterini wapimwe vimelea vya malaria, minyoo na hali ya figo, ili ijulikane ni nini kinachoiinua tarakimu ya mtu asiyejisikia mgonjwa. Mkojo unatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo, na mtoto hahitaji kuchomwa sindano. Chupa ikifunikwa vizuri dhidi ya mwanga na kuwekwa penye baridi, yaweza kusafirishwa kutoka kijijini. Mtwara ina hospitali ya mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Kazi kama hii ndiyo inayoifanya maabara ya rufaa istahili jina lake.

Hatua ya pili iwe kuijaribu neopterini pamoja na protini C-riaktivu kwa wagonjwa wa homa ambao kipimo cha malaria kimesema hapana. Lengo liwe moja lililo wazi: je, mganga mwenye majibu hayo mawili huwatibu watu vizuri kuliko mganga asiyekuwa nayo? Ikionekana hapana, fedha zielekezwe kwingine, kwa mfano kwenye kipimo cha chikungunya chenyewe, na kwenye vifuniko vya mapipa ya maji. Ikionekana ndiyo, basi mkoa utakuwa umepata chombo unachokielewa, badala ya chombo uliochoagizwa tu.

WAJIBU WA SHULE

Mwalimu wa baiolojia hahitaji neopterini ili kufundisha jambo hili. Wanafunzi wahesabu mapigo ya mishipa ya mikono yao wakiwa wameketi, kisha wakimbie kuzunguka uwanja na kuhesabu tena. Mapigo yatapanda. Halafu mwalimu aulize: mtu anayeingia darasani akiwa na mapigo 120 kwa dakika, je, amekimbia, ana homa, au ameogopa mtihani? Tarakimu haisemi. Kisha wanafunzi wakokotoe mapigo ya kawaida ya darasa lao wenyewe, wayalinganishe na yale yaliyoandikwa kitabuni, na kujadili sababu za tofauti yoyote. Mwalimu wa hisabati naye achukue hesabu ile ya wachangiaji 1,000, abadilishe tarakimu zake, na kuwaonyesha wanafunzi jinsi kipimo kile kile kinavyoaminika mahali pamoja na kupotosha mahali pengine.

Mwanafunzi aliyeyaelewa hayo mawili ameelewa jambo ambalo hata watu wenye shahada hulisahau wanapoletewa karatasi ya maabara yenye tarakimu iliyopigiwa mstari mwekundu. Baadhi ya wanafunzi hao ndio watakaokuwa waganga wa zahanati za Msimbati, Nanyamba na Newala. Siku watakapomwona mtoto anayewaka moto, kipimo cha malaria kimesema hapana, na viungo vyake vinamfanya ajikunje, wasitosheke na kusikia kwamba mbiu imelia. Yawapasa kuuliza maswali yanayofuata: maumivu yalianza siku gani, nani mwingine nyumbani amejikunja hivyo, na maji ya kunywa yamewekwa katika chombo gani.